Mayai ya Vidunda na Barabara ya Mitetea

Wadogo zangu mliobaki kituo cha kuku Kilosa, tangu nistaafu mmenipigia simu kuniuliza mambo mawili: ufunguo wa stoo ya chakula cha kuku uko wapi, na kisa cha mayai ya Vidunda kilikuwaje hasa. Ufunguo uko juu ya fremu ya mlango, mahali ulipokuwa siku zote. Kisa nakiandika hapa, maana nasikia mmeanza kukisimulia vibaya. Juzi mmoja wenu alimwambia mume wangu kwamba mimi nilikuwepo siku Kilosa ilipogundua kuku anayenyonyesha. Hatukugundua kuku anayenyonyesha. Tuligundua jambo jingine kabisa, nalo likakataa kugundulika mara ya pili.

Vyeo na mishahara naviacha. Vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na Mzee Kibwana, mwenyeji wa Kilosa, mkuu wa chumba cha kutotoleshea vifaranga. Nilikuwa binti wa milimani, nimetoka Vidunda na cheti changu na koti jeupe la maabara ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaogopa harufu?"

"Siogopi."

Akanipa yai moja nilishike. Sikujua kwamba yai viza likikaa kwenye joto muda mrefu hujaa gesi. Lilinipasukia mkononi kwa mlio wa fataki, na koti lile likapata rangi ambayo sijaiona tena popote. Mzee Kibwana akanitazama bila kucheka.

"Wewe si Mwanglikana? Basi leo umebatizwa mara ya pili. Karibu kazini."

Yeye ndiye aliyenifundisha kumulika mayai. Chombo chetu kilikuwa kopo la biskuti lenye balbu ndani na tundu juu. Unaweka yai kwenye tundu, unazima taa ya chumba, unatazama. "Ukiona buibui mwekundu, hiyo ni mishipa ya damu, mtoto yu hai," alisema. "Ukiona pete nyekundu, mtoto ameshaaga. Usipoona kitu, umeshika kifungua kinywa." Alinifundisha pia kuyageuza mayai kutwa, la sivyo kiinitete, yaani yule mtoto anayejiumba ndani, hugandia upande mmoja wa ganda. Mpaka leo nikiona yai limekaa sana mahali pamoja mkono wangu unaligeuza. Nimeshafukuzwa kwenye duka moja pale Mikumi kwa sababu hiyo.

Mashine yetu ya kutotolesha ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi na ilikuwa na tabia zake. Umeme ukikatika, tuliipangia madumu ya maji ya moto ndani na kuifunika blanketi. Wageni walidhani tunauguza mtu.

Miaka ikaenda hivyo, mayai yakiingia na vifaranga wakitoka, mpaka alipoletwa Dokta Lusajo. Alikuwa amesoma nje jinsi viinitete vinavyokua, na alirudi na furaha ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Alikuwa mrefu, na chumba chetu kilikuwa na dari fupi, kwa hiyo kila alipofurahi alijigonga. Aliyasalimia mayai asubuhi. Mzee Kibwana, ambaye kwa desturi alingoja kusalimiwa na kila mtu, alichukua muda kuzoea kuja wa pili baada ya trei.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa pamoja na kufuata mayai ya kienyeji Vidunda kwa pikipiki ya ofisi. Nilipanga trei kwenye boksi, nikajaza pumba za mpunga katikati, nikafunga kwa mpira nyuma ya siti. Kisha niliteremka ule mlima wa mawe mpaka lami, nikapita Mikumi, nikashika barabara ya vumbi kwenda Kilosa. Mtu aliyeipita barabara ile akiwa na meno bandia alifika akiwa ameyashika mkononi.

Safari moja vifaranga wa mayai hayo walipototolewa, Dokta Lusajo aliwachukua mmoja mmoja, akawakunjua bawa, akatazama manyoya. Alikuwa ametufundisha njia hiyo mwenyewe: kifaranga mchanga mwenye manyoya ya bawa yanayopishana, marefu na mafupi, ni jike, yakilingana urefu, ni dume. Alitazama trei ya kwanza. Akatazama ya pili. Akajigonga darini.

"Salome! Hawa karibu wote ni majike!"

"Karibu wote?"

"Njoo uone! Umeyaletaje mayai haya?"

"Kwa pikipiki, Dokta, kama siku zote."

"Yalitikisika?"

"Dokta, mimi mwenyewe nilitikisika mpaka nikasahau nilichotumwa."

Akaanza kuzunguka chumba. Tulirudia safari ile mara kadhaa, na kila mara alikunjua mabawa na kila mara majike walikuwa tele. Akaandaa nadharia yake. Mtikisiko, alisema, humpata mtoto akiwa bado chembe chache juu ya kiini, kabla hajapangwa vizuri, na humwelekeza kuwa jike. Alichora mishale ubaoni mpaka chaki ikaisha. Nami niliamini. Tena niliamini kwa furaha, maana nani katika wilaya nzima hataki mitetea? Jogoo mmoja anatosha mtaa. Wengine ni kelele na supu.

Aliyeamini kutushinda sote alikuwa Mzee Kibwana. Alianza kuyapakia mayai ya nyumbani kwake kwenye baiskeli na kuyazungusha Zombo na kurudi kila Jumamosi. Mkewe alimuuliza kama anayatembeza yaone ndugu.

Dokta Lusajo hakungoja vifaranga wakue. Alikwenda kwenye mkutano wa wanasayansi akatangaza, redio ikadaka, na basi. Wenye bodaboda wa Malolo wakaanza kuchukua mayai kama abiria. Yalikuwepo mayai ya mzunguko mfupi na mayai ya mzunguko mrefu, na dereva aliyejulikana kwa kukwepa mashimo alikosa wateja. Greda lilipokuja kusawazisha barabara, lilikuta kina mama wamesimama na ndoo zao za mayai wakimwomba dereva, kwa heshima zote, akibakize kile kipande kibaya kabla ya daraja. Mwanaume mmoja alifika kituoni kuuliza kama inafanya kazi kwa binadamu, maana mkewe alikuwa mjamzito naye alitaka mtoto wa kiume, na je, amkataze kupanda pikipiki? Dokta alimjibu kwamba utafiti bado haujafika huko. Yule bwana akaenda zake akiwa na matumaini.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Lililokuwa si la kuchekesha ni kina mama wa Vidunda. Kikundi chao kiliongozwa na Mama Agripina, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Walikuwa wamepata ahadi ya kupeleka mayai kwenye hoteli za Mikumi. Wakauza majogoo wao wote, wakavunja mabanda ya zamani, wakajenga moja kubwa kwa mbao za ukumbi wao, na wakachukua vifaranga wetu kwa neno la Dokta kwamba ni mitetea watupu. Niliwapelekea mimi mwenyewe. Waliniimbia.

Siku si nyingi akaja Dokta Zuhura. Alikuwa mtafiti wa chuo kimoja cha mjini, mama mfupi, mpole, amevaa ushungi na viatu vya mpira. Kule mkutanoni ndiye aliyenyoosha mkono baada ya makofi. Sasa alikuja kurudia jaribio lenyewe, palepale, kwa barabara ileile.

"Sikatai, Dokta Lusajo," alisema walipokaa ofisini. "Ila kwa kuku, mama ndiye anayeamua jinsia, na anaamua kabla yai halijapata hata ganda. Barabara inakuja wakati kikao kimeshafungwa."

"Hata kikao kikishafungwa," alijibu Dokta Lusajo, "mwenyekiti anaweza kutikiswa."

"Haya. Tumtikise tuone."

Utaratibu aliuweka yeye. Kundi moja la mayai litateremka kwa pikipiki. Kundi la pili litateremka bila kutikiswa. Yote yatoke kwa kuku walewale, yalale kwenye mashine moja, na asiwepo anayejua trei ipi ni ya kundi gani isipokuwa yeye. Na kwa kuwa alitaka kujua mtikisiko wenyewe ni wa namna gani, alikataa gari. Alipanda nyuma yangu na boksi la mayai mapajani.

Njiani aliniuliza maswali ya kisayansi mpaka tulipofika kwenye mawe, na hapo akaanza kusoma dua. Tulipofika karibu na Mikumi nilisimama tunyooshe miguu. Tuliweka boksi chini kidogo tu, na nyani mmoja mkubwa akatoka vichakani kama mtu aliyetumwa, akafunua kifuniko, akachukua trei moja, akakaa nayo kando ya barabara. Alikula taratibu, akimulika kila yai juani kabla ya kulitoboa. Nilitaka kumrushia jiwe.

"Mwache," alisema Dokta Zuhura, akitoa kalamu. Aliandika kwa sauti: "Trei moja. Imeondolewa kwenye jaribio. Sababu: nyani."

Lile kundi lisilotikiswa aliomba kulibeba Dokta Lusajo mwenyewe. Aliteremka mlima wote kwa miguu na kikapu kifuani, akinyata, akikanyaga kwa vidole. Watu waliokuwa wakipanda mlima walisogea pembeni wakavua kofia, wakidhani amebeba msiba. Kule chini lilimngoja gari la ofisi lenye godoro nyuma. Mayai yakalala kwenye godoro, dereva akaendesha kwa mwendo wa kinyonga, na Dokta akakaa kwenye chuma cha pembeni akiyashikilia mpaka Kilosa.

Vifaranga walipototolewa, Dokta Lusajo aliruhusiwa kuwakagua mabawa. Alikagua upande mmoja wa meza, uso ukang'aa. "Majike. Majike. Majike tena! Hawa ndio wa pikipiki, sivyo?"

"Hao ni wa godoro," alisema Dokta Zuhura.

Dokta Lusajo akahamia upande wa pili, akakagua. Majike vilevile.

"Labda," alisema polepole, "nilijikwaa mahali."

"Ulijikwaa?"

"Kuna lile jiwe karibu na shule. Sikuanguka, lakini…"

Dokta Zuhura hakumcheka, na hilo nililiheshimu. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ile njia ya mabawa hufaa kwa kuku wa kisasa waliochanganywa makusudi ili watofautiane. Kwa kuku wa kienyeji, bawa halisemi kitu; karibu wote wataonekana majike. "Tungoje wakue," alisema. "Mwenye upanga kichwani atajitambulisha."

Ila hatukungoja wale. Vifaranga wa Vidunda walikuwa wakubwa zaidi, na asubuhi moja simu yangu iliita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtetea wenu anawika," alisema Mama Agripina.

Nilimpa Dokta Lusajo simu, naye akamweleza kwa adabu kwamba ipo hali ya nadra ambapo kuku jike huweza kutoa sauti inayofanana na ya jogoo kwa sababu ya homoni.

"Nadra maana yake nini, baba?"

"Mmoja katika wengi sana, mama."

"Ngoja." Tukasikia hatua, mlango wa banda ukalia, kisha simu ikajaa kelele za kuwika za kila namna, nzito na nyembamba, za waliozoea na za waliokuwa wakijifunza. Ilikuwa kama kwaya bila mwalimu. Kisha sauti yake ikarudi. "Niwahesabu au umesikia?"

Dokta aliweka simu mezani. Alikaa kwenye gunia la pumba. Mimi niliwaza lile banda la mbao za ukumbi. Baadaye tulipouliza huku na huku tukajua kwamba hata waliochukua vifaranga wa mwanzo kabisa, wale wa Zombo, majogoo walikuwa wameshawatokea zamani. Hawakusema. Mmoja alidhani mimi sikuyatikisa mayai vizuri. Mwingine aliona aibu kuiharibia serikali utafiti, akamla jogoo kimya kimya.

Wale wa kituoni nao walipokua, Dokta Zuhura aliwahesabu kwa makundi. Wa pikipiki nusu kwa nusu. Wa godoro nusu kwa nusu. Mzee Kibwana alisema jaribio liliharibiwa na nyani, na msimamo huo hajaubadilisha mpaka leo.

Dokta Lusajo angeweza kuandika barua. Angeweza kunituma mimi. Badala yake alivaa tai, akapanda nyuma ya pikipiki yangu, tukapanda Vidunda, Dokta Zuhura akifuata kwa bodaboda. Watu walikusanyika uwanja wa shule baada ya ibada ya Jumapili, kina mama mbele, waume zao kwenye madawati ya pembeni. Banda lilikuwa hapohapo nyuma ya uwanja, na hilo lilikuwa kosa la mpangilio.

"Ndugu zangu," alianza Dokta, "niliwaambia kwamba hawa ni mitetea—"

Jogoo akawika.

"—kwa kuwa utafiti wangu ulionyesha—"

Majogoo wawili wakawika. Watoto wakaanza kucheka, kisha mchungaji, ambaye alijaribu kukigeuza kicheko chake kikohozi. Dokta alingoja. Alifungua tena mdomo, na kabla hajasema neno banda zima likamjibu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Niliona macho ya Dokta yamelowa na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua.

Aliposikika, alisema hivi: "Nimekosea. Barabara haibadilishi kitu. Nilitangaza kabla sijajua, nanyi mkauza majogoo wenu kwa neno langu. Nitaleta mitetea wakubwa, wanaotaga, ambao nimewaona wakitaga kwa macho yangu. Na kama mna la kunifanya, nipo."

Mama Agripina alisimama.

"Baba, keti," alisema. "Hoteli za Mikumi tumeshaziuliza. Mayai yatangoja. Wenye magari makubwa pale barabarani wanataka supu ya jogoo wa kienyeji kuliko wanavyotaka kufika waendako. Tutauza hawa, na mitetea wako uwalete vilevile, usijisahaulishe." Watu wakapiga makofi. Alinyanyua mkono wakanyamaza. "Ila nina swali. Kama si barabara, ni nani anayeamua?"

Dokta Lusajo alimtazama mwenzake. Dokta Zuhura akasogea mbele.

"Kwa kuku, mama, anayeamua ni jike. Jogoo hana usemi."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mama Agripina hakupiga. Alikuwa amekunja mikono.

"Na kwa watu?"

"Kwa watu ni kinyume. Mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mama anapokea kilicholetwa."

Kina mama wote wakamtazama Mama Agripina. Mimi ni mtoto wa mlima ule, nilijua kwa nini. Mama Agripina alikuwa na mabinti watupu, wa kutosha kujaza benchi la kanisa. Na mumewe, Mzee Yohana, mtu mwema kwa mengine yote, alikuwa amemaliza ndoa nzima akisema barazani, mbele za wageni, kwamba mwanamke huyu amemnyima mrithi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwona mama huyu nyuma ya kanisa siku ya ubatizo wa binti yake wa mwisho, akijifuta macho kwa ncha ya kanga kabla ya kuingia kuimba.

Sasa aligeuka polepole kuelekea madawati ya waume. Kina mama wote wakageuka naye.

"Baba Agripina," alisema. "Umesikia?"

Mzee Yohana alivua kofia. Aliizungusha mikononi, akatazama ndani yake kana kwamba jibu limeandikwa humo, kisha akasimama na fimbo yake. Ilichukua muda, maana magoti hayakuwa upande wake.

"Nimesikia, mke wangu," alisema, mbele za watu wote. "Nimekuonea miaka mingi. Nisamehe." Akamtazama Dokta Zuhura, akajinyoosha kadiri alivyoweza. "Sasa kama kosa lilikuwa langu, mimi naona ni haki tulirudie jaribio."

"Kaa chini, Baba Agripina," alisema mkewe. "Matokeo yameshathibitishwa."